Siku Arobaini na Tisa za Bi Zima-Washa

Shangazi yangu alikuwa mtu pekee mtaani kwetu aliyekunywa maji ya bomba bila kuyachemsha. Alikuwa anakinga kikombe cha bati, anakunywa chote akiwa amesimama, kisha anasema, "Haya nimeyapika mwenyewe." Majirani walidhani ni maringo. Kumbe alikuwa anasema kweli. Kwa miaka kumi na tisa, programu iliyotia dawa kwenye maji ya mji wetu ilikuwa yake. Aliiandika peke yake, mstari kwa mstari, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa C.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilipotoka shule nikamkuta anachemsha maji, nilijua kuna kitu. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni, na pembeni yake madumu manne yamepangwa ukutani kama watoto wa shule mstarini.

"Bomba limeharibika?" nikamuuliza.

"Nani kasema limeharibika?"

"Unachemsha."

"Kuchemsha maji ni dhambi siku hizi? Nenda kavue viatu, unaleta mchanga."

Nikaenda kuvua viatu. Niliporudi, madumu yalikuwa matano.

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu tangu astaafishwe. Ninaishi kwake kwa sababu shule iko karibu, na baba, ambaye ni kaka yake, anafanya kazi mbali. Kwa hiyo kazi yake naijua kidogo. Kituo cha maji kina jengo refu lenye mabwawa ya kuchujia, na ofisi moja ndogo. Ofisini kuna kisanduku cha chuma, kikubwa kama mkate, kimebandikwa ukutani. Nyuma ya ukuta huo ndipo yalipo mapipa ya dawa ya kuua vijidudu. Kila baada ya dakika kumi kisanduku kinaamuru koki ifunguke, dawa inaingia kwenye maji, koki inajifunga. Ukiwa ofisini unasikia mlio mmoja tu kupitia ukutani: tak. Shangazi aliusikia mlio huo kwa miaka kumi na tisa, mpaka hata mezani nyumbani alikuwa anagonga kidole bila kujijua.

Kituoni walimwita Bi Zima-Washa. Jina hilo alipewa na mlinzi wa getini, kwa sababu ya jambo moja tu. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, shangazi alikizima kile kisanduku, akahesabu mpaka thelathini kwa sauti, kisha akakiwasha. Hakukosa hata mwezi mmoja. Siku aliyokuwa na homa alikwenda amejifunika shuka. Wakimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Ni kwa afya ya mashine." Wenzake walicheka, wakasema anaiogesha.

Halafu akaja Injinia. Kijana mpole, ana heshima, shati lake halina mkunjo. Kazi yake ilikuwa kuiandika upya ile programu kwa lugha nyingine ya kompyuta, Python, na kwa kuwa sifa za Python hazikumtoka mdomoni, mlinzi akaanza kumwita Chatu, maana python kwa Kiingereza ni chatu. Shangazi alimkabidhi faili lenye kurasa thelathini na moja. Alichora kila waya. Siku ya kuaga, ambayo ilikuwa Ijumaa, alimwambia pia, kwa mdomo tu, "Usisahau, kila Jumanne ya kwanza unazima, unawasha."

Injinia akacheka. "Mama, mashine si mtoto. Haihitaji kuogeshwa."

Shangazi mwenyewe ndiye aliyenisimulia hayo, jioni ile ile. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wiki ya kwanza alipokuwa nyumbani ilikuwa wiki nzuri. Nilikuwa nimejiunga na klabu ya kompyuta shuleni, na kule kulikuwa na ugomvi usioisha, nikauleta nyumbani.

"Shangazi, lugha ipi ya programu ni bora kuliko zote?"

"Bora kwa kazi gani?"

"Kwa ujumla tu. Mwalimu anasema Python. Kuna dada wa darasa la mbele anasema Java. Wale wavulana wa nyuma wanasema JavaScript kwa sababu wanatengenezea michezo."

"Na wewe?"

"Python. Inasomeka kama mtu anaongea."

Akavuta kiti. Alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuchambua huku anaongea. "Sikiliza. Kila mtu anaisifu lugha yake kana kwamba anaitafutia mume. Usisikilize sifa. Chukua lugha, ipe namba kubwa kuliko chombo inachowekea namba, kisha utazame inafanya nini. Hapo utaijua."

"Haya, Python."

"Python ukiipa namba kubwa inatafuta sufuria kubwa zaidi. Ukiongeza, inatafuta pipa. Ukiongeza tena, inachimba kisima. Haitakuambia hapana mpaka nyumba nzima ijae. Mtu mkarimu sana, ila mzito. Kazi ya haraka usimpe."

"Java?"

"Huyo karani. Hujatia hata tone, anataka ujaze fomu: chombo cha aina gani, cha ukubwa gani, kitakaa wapi. Kwenye ofisi ya watu mia wasiojuana, anafaa kweli. Lakini chombo chake cha kawaida ukikipitisha bilioni mbili na ushee, namba inapinduka na kuwa chini ya sifuri. Maji mengi yanageuka upungufu wa maji! Na fomu zote zimejazwa sawasawa."

Nilicheka mpaka nikamwaga mchele. Akanipiga kikofi cha mkono, tukaokota pamoja.

"JavaScript?"

"Mshereheshaji. Hakatai kitu. Mpe namba, mpe neno, vichanganye, atakupa jibu. Ukifika kwenye namba kubwa kupindukia anaanza kukadiria, na anakadiria huku anatabasamu. Unamwongezea moja, anasema asante, ukiangalia namba haijasogea."

"Na hii mpya, Rust?"

"Mama mkwe. Hata jiko huwashi mpaka aridhike. Ukijaza chombo kupita kiasi wakati wa majaribio anapiga kelele mtaa mzima usikie." Akatoa kijiwe kwenye mchele. "Laiti ningekuwa naye wakati ule."

"Wakati gani?"

Akapepeta ungo mara mbili.

"Na C yako je?"

Vidole vyake viliacha kuchambua. "C haisemi kitu," akasema. "Ukijaza chombo mpaka mdomoni, ukaongeza tone moja, chombo kinakuwa kitupu. Kinaanza upya sifuri. Hakuna kengele, hakuna ujumbe. Kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea."

"Sasa kwa nini uliitumia?"

"Kile kisanduku kina kumbukumbu ndogo kuliko kasimu kako. Python isingeingiza hata mguu. Na C ina mbio, na ni tiifu. Unachoiambia ndicho inachokifanya." Akainua ungo. "Hicho hicho tu."

Mimi nikiambiwa kitu lazima nikajaribu. Kesho yake shuleni niliipa Python namba yenye tarakimu mia tatu, ikaimeza. JavaScript nikaipandisha mpaka kwenye mamilioni ya mabilioni, nikaongeza moja, na kweli, namba haikusogea. Niliandika yote daftarini. Chini yake nikaandika kipimo cha kile chombo cha C anachokitumia shangazi, ambacho mwalimu alinitajia: 4,294,967,295. Nikakizungushia duara kwa sababu nilikiona kizuri. Nikakisahau.

Sasa nirudi kwenye madumu. Jumamosi yalikuwa saba. Jumapili mama mmoja jirani, mwenye mapacha wadogo, aliita kutoka uani, "Dada, mbona unahifadhi maji? Kuna mgao unakuja hutuambii?"

"Hakuna mgao," shangazi akasema. Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo la kupitia tu, "Ila hao watoto wachemshie. Kuanzia Jumatano."

"Jumatano kuna nini?"

"Hakuna kitu. Chemsha tu."

Yule mama alicheka, akarudi ndani. Mimi niliitazama kalenda iliyopo kwenye mlango wa jikoni. Kila siku ilikuwa na namba ndogo ya penseli kwenye kona. Siku aliyoaga ilikuwa na 24. Jumapili ile, 47. Nikafuata kwa kidole: Jumanne 49. Jumatano haikuwa na namba, ilikuwa na saa. Saa mbili na dakika mbili asubuhi.

Nilikaa na kalenda ile kichwani Jumatatu nzima. Jioni nilimkuta varandani na simu sikioni. "Injinia, mwanangu, uliizima ile mashine mwezi huu?... Hapana, hakuna tatizo... Kwa afya ya mashine tu... Haya. Haya, nimekuelewa." Akakata. Akabaki ameishika simu vile vile.

Jumanne nilipotoka shule nilikaa na daftari. Nilikumbuka aliwahi kuniambia kuwa kisanduku kinahesabu muda kwa vipande elfu moja kwa kila sekunde, tangu kinapowashwa. Nikaichukua ile namba niliyoizungushia duara. Nikaigawa kwa elfu, nikapata sekunde. Nikagawa kupata dakika, saa, siku. Ikaja siku arobaini na tisa, saa kumi na saba, na dakika mbili. Nikahesabu kurudi nyuma kutoka Jumatano saa mbili na dakika mbili asubuhi. Nikaangukia Jumanne, saa tisa alasiri. Jumanne ya mwisho aliyozima na kuwasha.

Nilikwenda jikoni, nikaweka daftari mezani mbele yake.

"Shangazi, kesho asubuhi saa ya kisanduku inajaa."

Aliisoma hesabu yangu yote, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha. "Hapa umesahau mkato," akasema. Halafu akaketi.

"Inajaa, ndiyo. Inarudi sifuri."

"Halafu?"

"Programu yangu huwa inajiwekea ahadi. Inasema, nitafungua dawa saa itakapofika namba fulani. Saa ikijaa ikarudi sifuri, ile ahadi inabaki huko juu, mahali ambapo saa haiwezi kufika tena. Kwa hiyo programu inasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu azime na kuwasha."

"Na taa? Si itawaka nyekundu?"

"Taa itakuwa ya kijani, na chini yake maandishi: Inasubiri. Ndivyo inavyokuwa siku zote kati ya dozi na dozi. Kusubiri si kosa, mwanangu. Kusubiri ndiyo kazi yake." Akakitazama kikombe chake cha bati. "Na maji yanaendelea kutoka bombani. Safi kwa macho."

Nikamuuliza kwa nini hakuirekebisha. Alinisimulia. Wakubwa walitaka kununua mtambo kutoka nje, yeye akasimama kikaoni akasema, naweza kuiandika. Walimcheka. Akaiandika kwa wiki sita. Ilifanya kazi vizuri, wakampongeza kwa makofi, na siku ya hamsini ikanyamaza. Yeye ndiye aliyegundua, akazima, akawasha, ikarudi. Siku ya tatu alikuwa ameshaliona kosa. Kulirekebisha kulitaka fomu, na fomu ina mstari unaosema: eleza sababu.

"Nikasema nitaandika mwezi ujao," akasema. "Miezi yenyewe ndiyo hiyo. Na baadaye umeme ukaanza kukatika kila wiki, kisanduku kinajizima chenyewe, kosa langu linafichwa na giza. Sasa huyu kijana kaweka betri. Hakizimi tena."

"Mwambie ukweli basi. Sasa hivi, mpigie."

"Kesho. Nitamwambia uso kwa uso."

Jumatano tulifika getini saa moja na nusu. Nilikuwa na sare za shule na sikujali. Mlinzi alifurahi. "Bi Zima-Washa! Umetukumbuka? Haya, saini daftari, siku hizi wewe ni mgeni." Daftari la wageni lilikuwa na safu nne, ya mwisho ikiwa sababu ya ziara. Shangazi aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika: Kusalimia.

Injinia alikuja saa mbili kasoro dakika kumi, anatabasamu. Alituingiza ofisini, akamvutia shangazi kiti, kiti chake cha zamani. Kisanduku kilikuwa pale pale, kina taa ya kijani. Saa mbili kasoro dakika sita nikasikia kupitia ukutani: tak.

"Injinia, naomba nikizime mara moja. Nusu dakika tu."

"Mama yangu, kwa heshima zote, siwezi. Mtambo unaofanya kazi hauzimwi bila fomu. Fomu yenyewe uliitunga wewe." Akaitoa kwenye droo, akaiweka mbele yake pamoja na kalamu. "Andika tu sababu, naipeleka kwa mkurugenzi."

"Ni kwa afya ya mashine."

"Hiyo si sababu, mama."

Saa ya ukutani ilisoma saa mbili kamili. Shangazi aliitazama fomu. Nikasema, "Shangazi, mwambie." Akainua mkono ninyamaze. Saa mbili na dakika moja. Saa mbili na dakika mbili.

Hakuna kilichotokea. Taa ya kijani. Inasubiri.

Shangazi akavuta pumzi, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kuliko ninavyoijua. Alisema yote: saa inayojaa, ahadi isiyofikika, kikao, makofi, miaka kumi na tisa. Injinia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaonyesha kisanduku kwa kidole, kama anayemhurumia.

"Mama, ni saa mbili na dakika tatu. Iko wapi hiyo hatari? Tazama, kijani."

"Subiri dakika moja tu," shangazi akasema. "Usitazame. Sikiliza."

Tukasikiliza. Kulikuwa na maji yanayoporomoka kwenye mabwawa, na feni ya juu. Saa mbili na dakika nne. Kidole cha shangazi kiligonga meza, peke yake. Ukutani, kimya. Dakika tano. Injinia aliinuka akaweka sikio ukutani. Dakika sita. Niliona shati lake lisilo na mkunjo likilowa mgongoni.

"Zima," akasema. "Zima, mama, zima!"

Shangazi akazima. Akahesabu kwa sauti mpaka thelathini, hakuharakisha hata namba moja. Akawasha. Tak.

Mimi nilianza kucheka kwa kushindwa kujizuia, na machozi yakanitoka. Shangazi aliichukua ile fomu, na pale penye sababu akaandika: Kosa langu. Akasaini. Alipoinua uso alikuwa kama mtu aliyetua tenga kichwani.

Lakini Injinia hakuwa amekaa. Alikuwa bado ukutani, na hakuwa anatutazama.

"Mama," akasema. "Mimi nilichukua nakala."

"Nakala ya nini?"

"Ya programu. Kituo cha ng'ambo ya mji, kile kinachopeleka maji hospitali na shule ya bweni, kisanduku chao kilikufa. Nikaona, kabla sijamaliza ya Python, niwawekee hii. Miaka kumi na tisa bila kusimama. Niliiamini kuliko yangu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, mama. Ulikuwa umekaa hapo hapo. Nilikuuliza kama ina tatizo lolote. Ulisema haina."

Shangazi alifunga macho. "Lini?"

Injinia alipekua simu yake. "Siku sitini na mbili zilizopita."

"Imewahi kuzimwa?"

"Niliweka betri mpya."

Nilifanya hesabu kichwani, nikatamani nisingeijua. Siku kumi na mbili bila dawa. Injinia tayari alikuwa amepiga simu, akaiweka juu ya meza sote tusikie. Iliita mara nyingi. Kisha ikaja sauti ya mtu mchangamfu, mhudumu wa kule.

"Injinia! Huku shwari kabisa. Taa ya kijani. Inasubiri, kama kawaida."

Shangazi aliinama juu ya simu. "Mwanangu, ni mimi niliyeiandika hiyo programu. Nenda kwenye ukuta wa mapipa ya dawa. Weka sikio. Niambie kama unausikia mlio, tak, kila dakika kumi."

Tulisikia hatua zake zikienda. Tukasikia feni yetu, na maji yetu. Muda ulikuwa mrefu. Kisha hatua zikarudi.

"Mlio, mama?" akauliza. "Ulikuwepo zamani. Ulipokoma, tulidhani mmeirekebisha ile kelele."